Lukeme ya Bonny Yaenda Ziwani

Watu wengi wa Bukoto hawalijui jina la Okeny, lakini lango lake wanalijua. Ni lile la bluu, la zile ghorofa za rangi ya maziwa nyuma ya soko. Okeny akilifungua hulifungua lote, hata kama anayepita ni mama mmoja tu na mfuko wake wa nyanya. Kisha husimama pembeni, visigino pamoja, mikono imenyooka ubavuni, kana kwamba aliyepita ni mkuu wa polisi na msafara wake. Wapangaji wapya hucheka. Wakikaa mwezi mmoja wanazoea. Wakikaa miwili wao wenyewe wanaanza kunyoosha migongo wakilikaribia lango, bila hata kujua kwamba wanafanya hivyo.

Polisi alikuwa kweli, miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakumkamata mwizi hata wa kuku. Kazi yake ilikuwa ghala la silaha. Asubuhi bunduki zinatoka, jioni bunduki zinarudi, na Okeny yuko pale dirishani nyuma ya nondo kama karani wa posta. Alikuwa na utaratibu wake. Kitu hakitoki mkononi mwake mpaka akitaje chote, kipande kwa kipande, na anayekipokea naye akitaje. "Sema," alikuwa akimwambia. Basi mtu anasema: bunduki moja, mkanda mmoja, risasi thelathini. Jioni anasema tena. Ikipungua hata skrubu ndogo kama punje ya mtama, hatoki mtu hapo. Kambini walimbandika jina Afande Sema, na watoto wa kambi walipocheza polisi na wezi, hakukosekana mmoja wa kukaa dirishani na kusema sema, sema, sema, mpaka wezi wenyewe wanachoka na kwenda nyumbani kula.

Alistaafu, wakahama kambini, akapata kazi ya lango. Wakati huo mtoto wake Bonny alikuwa na miaka kumi. Alikuwa mtoto pekee. Okeny na mkewe Aloyo walimpata wakiwa wameshaacha kutegemea, na alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomshika mtu kwenye mifupa mpaka analia bila kutoa sauti. Mpira hakucheza. Mvua ikinyesha alifungiwa ndani. Wenzake walipokuwa wakifukuzana kwenye ngazi za ghorofa, yeye alikaa ngazi ya chini kabisa amevaa sweta, na jua linawaka.

Mwaka uliofuata mjomba wake akaja kutoka Kitgum na zawadi iliyofungwa kwa gazeti. Ilikuwa lukeme.

Lukeme ni kisanduku cha mbao unachoweza kukishika kama unavyoshika kitabu, na juu yake vimepangwa vyuma bapa vilivyofuliwa kutoka spoki za baiskeli. Unavibonyeza kwa vidole gumba na kuviachia. Hiyo ya Bonny ilikuwa na vyuma kumi na viwili. Kila chuma kinaweza kusukumwa mbele au kurudishwa nyuma chini ya kibanio. Ukikirefusha sauti inashuka, ukikifupisha inapanda. Na hapo hatuzungumzii kusukuma sana. Upana wa ukucha, wakati mwingine hata ukucha ni mwingi.

Mjomba hakukaa kumfundisha. Alisema jambo moja tu kabla ya kupanda basi: katika ukoo wao lukeme haipangwi kwa kufuata lukeme nyingine. Inapangwa kwa kufuata mtu. Unachagua mtu, anaimba, unaifuata sauti yake.

Bonny akamchagua baba yake.

"Baba, imba."

"Mimi? Nimuimbie nani hapa? Gari?"

"Imba ile ya mbuzi."

Ile ya mbuzi ni wimbo ambao Okeny alikuwa akiimba utotoni akichunga. Haukuwa na maneno mengi. Ulikuwa wa kuwaambia mbuzi wasiende kwenye shamba la jirani. Akauimba ndani ya kibanda cha lango, kwa sauti yake nzito iliyokwaruzwa na miaka ya kupiga kelele dirishani. Na sauti hiyo ilikuwa na kasoro. Katikati ya wimbo kulikuwa na mahali ilipoteleza, ikashuka kidogo kuliko inavyotakiwa, kama mtu aliyekosa ngazi moja gizani.

"Hapo unaanguka, Baba."

"Sianguki popote."

"Unaanguka. Usibadilishe! Ngoja nikuwekee."

Akakisukuma chuma cha tano mbele, kidogo, kidogo tena, akigonga kwa kijiwe, sikio kalilaza juu ya mbao. Ilichukua siku nne. Alipomaliza, ukiibonyeza ile lukeme ilikuwa inaongea kama Okeny, na kwenye chuma cha tano ilianguka palepale alipoanguka yeye. Aloyo alisikia kutoka jikoni akatoka na mwiko mkononi.

"Sasa niko na Okeny wawili," akasema, "na ni huyu wa mbao tu ndiye atanisikiliza."

Ndivyo ilivyokuwa miaka tisa. Vyuma vikilegea, Bonny alimwita baba yake langoni, mzee akaimba, vikarudi mahali pake. Baadaye wakajiunga naye wawili, Latif na Shakirah, watoto wa Kinubi ambao babu zao walikuwa wanajeshi. Latif alipiga gitaa, Shakirah aliimba. Latif alikuwa akilipanga gitaa lake kwa kuifuata lukeme, kwa sababu Bonny hakukubali kabisa kuigeuza. Hakusema kwa nini. Alisema tu, "Hii haiguswi," na Latif akadhani ni uvivu.

Bonny alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa Juni, akiwa na miaka ishirini. Maumivu yalimshika Jumatano, na Ijumaa hakuwapo.

Okeny hakulia mbele za watu. Alirudi langoni baada ya siku kumi, akasimama kama anavyosimama. Kitu kimoja tu kiliharibika: sauti ya kuimba. Kanisani alikuwa akichezesha midomo na hakuna kinachotoka. Watu wa ghorofani nao walipata tabu yao, hawakujua kama waendelee kumwita Baba Bonny au waache. Wengine waliacha, wakaanza kumwita mzee. Aloyo hakuacha.

Lukeme ilifungwa ndani ya taulo, ikawekwa kwenye sanduku la bati. Kila Jumapili kabla ya kanisa Okeny aliitoa. Hakuipiga, maana hakujua kupiga. Alibonyeza kila chuma mara moja, kuanzia kushoto kwenda kulia, akingoja sauti iishe yote kabla ya kubonyeza kinachofuata. Kwenye cha tano alikaa zaidi. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ndiyo, lakini ilikuwa sauti yake kama Bonny alivyoisikia. Hebu jaribu kukumbuka sauti ya mtu uliyempenda, siyo maneno yake, sauti yenyewe. Inakuja halafu inatoroka. Okeny hakuhitaji kukumbuka. Sikio la mwanawe lilikuwa mle ndani ya mbao, na Jumapili alilitembelea.

Sasa, mwaka huu, likizo ya Agosti, Latif na Shakirah wakaja langoni asubuhi moja.

"Afande, habari ya kazi?"

"Iko. Nyinyi mmepotea."

"Hatujapotea, Afande," akasema Latif. "Ni maisha inatukimbiza."

"Inakukimbiza na bado unanenepa?"

Shakirah alicheka mpaka akashika lango. Kisha akakumbuka kilichowaleta, akaacha kucheka.

"Afande, kuna tamasha Ggaba, pale kwa ziwa. Jumamosi hii, mchana. Ni ya bure, mtu halipi kitu kuingia. Ya wanamuziki kama sisi, wenye hawana kampuni, hawana bosi."

"Na nyinyi wanawalipa?"

"Soda," akasema Latif. "Na chipsi."

"Kale, haya. Mwanajeshi wa chipsi."

"Tunataka kuimba ile ya Bonny," akasema Shakirah. "Ile ya lango."

Bonny aliutunga wimbo huo kumtania baba yake: mzee anayemfungulia kuku lango lote, anayempigia saluti gari la taka. Okeny aliujua wote. Aliwahi kujifanya amekasirika.

"Tumejaribu na gitaa peke yake," akasema Latif. "Haikubali. Ni kama chai bila majani, Afande. Tunaomba ile lukeme. Siku mbili tu."

Okeny akatazama barabarani kama aliyeona gari linakuja. Hapakuwa na gari.

"Nitaona," akasema.

Mchana Aloyo alimletea ugali wa posho na maharage kibandani, na alikuwa ameshasikia. Shakirah alikuwa amemwona sokoni kwanza, kabla ya kufika langoni. Huyo msichana hana mchezo.

"Si waende nayo."

"Itapotea."

"Kitu kimelala kwa sanduku miaka miwili. Kitapotea namna gani zaidi ya hapo?"

"Mama Bonny."

"Usiniite hivyo ukitaka ninyamaze. Mtoto alikitengeneza kile kitu watu wasikie. Hakukitengenezea taulo." Akamwongezea maharage bila kuulizwa. "Na mimi pia nataka kusikia ikipigwa. Wewe kila Jumapili una yako. Mimi niko na nini?"

Okeny hakujua kwamba mkewe anajua mambo ya Jumapili. Alikula mpaka sahani ikaisha.

Siku ya Alhamisi Latif alipokuja kuichukua, alikuta meza ndogo imetolewa nje ya kibanda, taulo limekunjuliwa, na Okeny amesimama nyuma yake amevaa kofia. Afande Sema alikuwa amerudi kazini.

"Boksi moja," akasema Okeny. "Sema."

"Boksi moja."

"Vyuma kumi na mbili."

"Kumi na mbili, Afande."

"Hesabu kwanza ndio useme."

Latif akahesabu. Vilikuwa kumi na viwili. Wakaenda hivyo: kibanio kimoja, herufi B moja iliyochomwa kwa msumari upande wa chini, ufa mmoja mdogo, wa zamani, taulo moja. Latif alitaja kila kitu, na hakutabasamu hata mara moja, maana aliona jinsi mikono ya mzee ilivyokuwa haitaki kuiachia.

"Na siku ya kurudisha?"

"Nasema tena, yote."

"Enda."

Ndipo lilipotendeka kosa, na Okeny hakuliona, ingawa alikuwa amelifanya mwenyewe, polepole na kwa makini. Alikuwa ametaja kila kitu kinachoweza kuguswa. Miaka thelathini na mmoja alitoa vitu na kuvipokea, na haikutokea hata siku moja atoe bunduki iliyokuwa na sauti ya mtu ndani yake.

Jumamosi alimwomba askari wa lango la jirani amshikie zamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa kwa msiba. Akavaa suti aliyoagwa nayo kazini. Aloyo akavaa kitenge chake kipya, wakapanda bodaboda mbili, wakafuatana mpaka wakapita Kansanga na spika zake za madukani zinazopigana kelele, wakateremka hadi Ggaba.

Ziwa lilikuwa limetulia, la kijivu, na majani ya magugumaji yamekusanyika ukingoni kama zulia lililosahauliwa. Jukwaa lilikuwa limejengwa kwa mbao na mabomba, limeyapa maji mgongo, na spika kubwa kama makabati. Watu! Watoto wa shule walikuwa wamejaa kwa sababu ya likizo, wengine wamepanda juu ya mitumbwi iliyogeuzwa. Kulikuwa na mama anakaanga samaki, wale ngege, na korongo wale wenye vipara wamejipanga juu ya paa la soko la samaki, wamekunja shingo, kama wazee waliokuja kukosoa. Kijana mmoja aliimba kuhusu umeme kukatika. Wasichana watatu walipiga ndoo na chupa, na ilikuwa nzuri kuliko inavyosikika ukiielezea. Hakuna aliyemuuliza mtu tiketi. Okeny alishika mfuko wake wa koti mara tatu akitafuta cha kumwonyesha mtu mlangoni, na hapakuwa na mlango.

"Kaa chini," akamwambia Aloyo, ambaye alikuwa amekaa tayari. Yeye ndiye aliyekuwa amesimama.

Saa kumi Shakirah akapanda jukwaani. Latif alikuwa na lukeme, imewekewa kipaza sauti kidogo upande wa chini. Kulikuwa pia na kijana wa kinanda kutoka Mengo, mgeni kwao, aliyejiunga mwezi ule.

"Huu wimbo," akasema Shakirah, "aliutunga rafiki yetu Bonny, na mzee aliyetungiwa yuko pale. Afande, simama watu wakuone!"

Alikuwa amesimama tayari, akasimama zaidi. Visigino pamoja. Watu walipiga makofi na miluzi, na mtoto mmoja juu ya mtumbwi akampigia saluti. Aloyo alikuwa analia na kucheka pamoja, anajifuta kwa ncha ya kitenge.

Latif akaanza.

Sauti ilitoka kwenye yale makabati ikaenea juu ya maji. Ilikuwa safi. Ilikuwa nyororo, ya juu kidogo, inang'aa kama meno mapya. Watu walianza kuyumba. Okeny akainamisha kichwa, akangoja, kwa sababu alijua cha tano kinakuja wapi. Bonny alikuwa amekiweka pale mzee anapomfungulia kuku, ili kianguke na watu wacheke.

Kikaja. Hakikuanguka.

Akadhani ni spika. Spika za bure, pengine ni mbovu. Akangoja kirudi. Kikarudi, kikasimama wima kabisa, kimekaa sawa na kinanda kama askari wawili kwenye mstari mmoja. Akasikiliza cha tatu, akasikiliza cha nane. Vyote vilikuwa pale, vyote kumi na viwili, na hapakuwa na hata kimoja alichokijua. Uwanja mzima ulikuwa unaimba kiitikio, "Fungua lote, mzee, fungua lote," watoto wanaruka, Shakirah ameinua mikono, na ulikuwa wimbo mtamu kuliko nyimbo zote za siku ile. Kila mtu aliyekuwa pale atakwambia hivyo. Okeny alisimama katikati ya watu wenye furaha, akaona ni kama anaagwa mtu kwa mara ya pili na safari hii watu wanacheza.

Nyuma ya jukwaa Latif alimkimbilia akiwa amelowa jasho, anacheka.

"Afande! Umewasikia? Umewasikia watu?"

"Nimesikia. Sema."

"Eeh? Aa, sawa, sawa." Latif akalifungua taulo juu ya sanduku la soda. "Boksi moja. Vyuma kumi na mbili, hesabu hapa. Kibanio. B ya Bonny. Ufa, uleule. Taulo moja."

Okeny akakagua kila kitu. Hakuna kilichopungua. Akabonyeza cha tano kwa kidole gumba.

"Uliigusa?"

"Tuliitengeneza, Afande!" Latif alisema kwa fahari. "Ilikuwa imeharibika, miaka miwili hakuna mtu anaiangalia. Huyu wa kinanda aliweka simu pale, iko na app ya kupima sauti, ikaonyesha nyekundu, nyekundu, nyekundu. Na kinanda hakiwezi kufuata mtu, si ndiyo? Ndio tukasukuma moja moja mpaka zote zikaleta kijani. Sasa iko sawa kuliko hata wakati wa Bonny."

Okeny alikuwa anatafuta kilichopotea ili akitaje. Alitazama boksi, akatazama kibanio. Hakukuwa na neno la kitu hicho kwenye orodha.

"Sawa," akasema. "Imerudi yote."

Aloyo alijua siku iliyofuata. Saa ya Jumapili ilifika, sanduku likafunguliwa, akasikia chuma kimoja. Akangoja cha pili. Akaingia, akamkuta mumewe amekaa kitandani na lukeme magotini.

"Kwani iko nini?"

"Hayumo," akasema Okeny.

Akamweleza. Hakuwahi kumweleza, unajua, hata mara moja. Kwa miaka yote hiyo Aloyo alidhani ile lukeme inafanana na mumewe kwa sababu ni ya baba na mtoto, kama pua zinavyofanana. Alipoelewa alikaa sakafuni.

"Ni mimi nilikwambia uitoe."

"Ni mimi niliitoa."

Hawakwenda kanisani.

Ni Aloyo aliyempigia simu Latif. Latif alikuja langoni Jumanne asubuhi mbio, macho mekundu, simu mkononi. Alikuwa ametafuta usiku kucha kwenye simu yake na ya Shakirah na za ndugu zao, akapata video moja ya sekunde kumi na moja. Bonny amekaa kwenye ngazi na sweta. Jenereta la jirani linanguruma. Lukeme iko magotini mwake, vidole vinakwenda, na kinachosikika ni jenereta, halafu Bonny anacheka kitu ambacho hakionekani. Basi. Waliitazama mara nyingi, vichwa vitatu juu ya kioo kidogo. Vidole vinakwenda, jenereta linanguruma.

"Afande, nisamehe. Wallahi sikujua. Alisema tu haiguswi."

"Hata mimi sikukwambia."

"Tuirudishe. Wewe imba, mimi nitafuata. Kama yeye alivyofanya."

"Siimbi tena."

"Imba, Baba Bonny," akasema Aloyo kutoka kwenye ungo wake wa maharage, pale nje ya kibanda.

Okeny akafungua mdomo. Mara ya kwanza ulitoka upepo. Mara ya pili ikatoka sauti, na wote watatu wakashtuka, kwa sababu ilikuwa ya mzee. Nyembamba, ina mtetemo pembeni. Akauanza wimbo wa mbuzi. Latif akalaza sikio juu ya mbao, akagonga kwa kijiwe.

"Hapa?"

"Karibu."

"Hapa?"

"Shusha kidogo. Hapana, umepita."

Mpangaji akataka kutoka na gari. Okeny akaenda, akasimama, akarudi. Wakaendelea. Walipofika kwenye cha tano, Okeny aliimba mpaka pale mahali pa kuteleza, na sauti haikuteleza. Alirudia. Ilikwama juu zaidi, halafu ikakatika sehemu nyingine kabisa. Akajaribu kujiangusha makusudi, ikawa kama mtu anayejifanya kujikwaa.

"Hapa, Afande?"

"Karibu."

"Hapa je?"

"Karibu."

Jua lilipanda. Kucha za Latif zilikuwa nyeusi kwa kutu na gumba moja limechubuka. Na Okeny akagundua jambo. Asubuhi, kabla hawajaanza, alikuwa bado anaikumbuka. Siyo vizuri, lakini ilikuwapo, mbali kidogo, kama taa ya nyumba ya ng'ambo. Sasa kila Latif alipogonga na kuuliza, sauti mpya ilikuwa inakuja na kukaa juu ya ile ya zamani. Hapa. Hapa je. Na hapa. Alizikumbuka hizo zote za leo. Ya Bonny hakuweza tena kuiona chini yake.

Latif aliinua uso. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye mbao, na alikuwa anayafuta haraka kwa kiwiko yasiingie kwenye ufa.

"Tutakaa mpaka tuipate," akasema. "Hata kesho nitakuja. Hata mwezi mzima, Afande, nitakuja kila siku."

Okeny akamtazama. Alikuwa na umri ambao Bonny angekuwa nao.

"Bonyeza tena hiyo," akasema.

Latif akabonyeza cha tano.

"Hapo. Usiguse tena. Ndiyo hiyo."

"Kweli, Afande?"

"Si nimekwambia? Sauti ni yangu, nisiijue? Ndiyo hiyo."

Latif alimkumbatia, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumfanyia Okeny akiwa kazini. Alinawa mikono kwenye bomba, akakataa chai, akamwita Aloyo mama mara tatu, akaondoka akimpigia Shakirah simu, na walimsikia akipaza sauti mpaka kwenye kona: tumeipata, tumeipata, nakwambia tumeipata.

Aloyo akaweka ungo pembeni. Akaja akaichukua lukeme kutoka mezani. Hakuwahi kuishika tangu msiba. Akabonyeza chuma cha tano kwa kidole cha shahada, kama mtu anayeonja mboga kama imeiva, akasikiliza mpaka kikanyamaza.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Hakumtazama usoni alipokuwa akisema hivyo. Okeny akaangalia mikono ya mkewe inavyolikunja taulo, kona kwa kona, na hakumuuliza kama ni kweli.